Vitz ya Zamani au Vitz ya Umbo Jipya: Ulinganisho kwa Mnunuzi wa Unguja na Pemba

Dada yangu anayeishi Wete ameniomba nimsaidie kuchagua baina ya gari mbili ambazo kwa jina ni moja. Ya kwanza ni Toyota Vitz ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa Japani Februari 2005 na kuendelea hadi mwisho wa 2010. Ya pili ni Vitz ya toleo la tatu, iliyoundwa upya ndani na nje na kuingia sokoni Disemba 2010. Zote mbili nimezimiliki mimi mwenyewe: ile ya zamani niliitumia miaka sita, nikitoka nayo Tunguu kila asubuhi kwenda kusomesha mjini, na ile mpya ndiyo niliyonayo hivi sasa. Maswali ya dada yangu ndiyo yale yale ninayoulizwa na walimu wenzangu kila mmoja wao anapopata mkopo na kuanza kutafuta gari, na kwa sababu hiyo nimeona niyajibu kwa maandishi, tena kwa utulivu, kuliko kuyajibu nusu nusu baina ya kipindi na kipindi.

Nianze na lile ninaloliamini zaidi: tunabishana mno juu ya sura ya gari, na tunauliza kidogo mno juu ya injini yake. Toleo jipya lilipoanza kuonekana katika barabara za Unguja, wako waliosema kuwa Vitz imeharibiwa, kwamba ule uduara wa zamani ulikuwa na haiba yake na hii mpya imekunja uso. Na wako waliosema kuwa hatimaye Vitz imekuwa gari ya mtu mzima. Mabishano hayo bado yanasikika barazani. Lakini chini ya boneti ya umbo hilo moja panaweza kuwa na injini ya lita 1.0, ya 1.3, ya 1.5 au, kuanzia 2017, ya haibridi, yaani ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, na tofauti iliyopo baina ya injini hizo ni kubwa kuliko tofauti ya sura. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja akiilaani Vitz mpya kuwa haina nguvu, na mwengine pale pale akiisifu kuwa inakwenda bila ya kuchoka, na wote wawili walikuwa wakweli, kwa kuwa mmoja alikuwa na ya 1.0 na mwenziwe ana ya 1.3.

Miili miwili

Toleo la pili lina urefu wa milimita 3,750 na la tatu lina 3,885, yaani kumeongezeka sentimita 13 na nusu. Umbali wa kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma umetoka milimita 2,460 ukafika 2,510. Upana haukubadilika hata kidogo, ni 1,695 kwa zote mbili, kwa sababu sheria ya Japani huihesabu gari kuwa ndogo pale tu upana wake usipozidi mita 1.7, na waundaji hawakutaka kuuvuka mpaka huo. Kimo kimepungua sentimita mbili, kutoka 1,520 hadi 1,500.

Namba hizi huonekana ndogo zikiwa kwenye karatasi, lakini mama yangu alizihisi tangu siku ya kwanza. Yeye ni mrefu, magoti yanamuuma, na akitoka huvaa buibui. Katika gari ya zamani alikuwa akikaa nyuma magoti yamegusa mgongo wa kiti changu, ila kuingia kulikuwa rahisi, kwani paa lilikuwa juu na kiti kimeinuka, hata akawa anageuka tu na kuketi. Katika hii mpya magoti yamepata nafasi, lakini hana budi kuinama zaidi mlangoni, na mara mbili tatu za mwanzo alikigonga kichwa kwenye ukingo wa paa. "Mwanangu," aliniambia, "hii nikishakaa nastarehe, lakini ile ilikuwa ikinikaribisha." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo juu ya miili hii miwili, na mwenye wazee wa kuwapeleka hospitali kila mwezi ayatie maanani kuliko rangi na taa.

Buti la gari mpya ni refu zaidi. Gunia la mchele la kilo 25 ninalilaza chini na bado pakabaki pahala pa madaftari na kapu la sokoni, ilhali katika ile ya zamani ilinibidi nilisimamishe au nikunje upande mmoja wa kiti cha nyuma. Kwa upande wa kuegesha, sikuona tofauti yoyote, iwe Darajani au Vuga; zote mbili hupenya panapopenya gari ndogo. Wala hakuna iliyo bora katika kuvuka matuta, kwa kuwa nafasi iliyopo baina ya ardhi na tumbo la gari ni takriban sentimita 14 kwa zote, na ukipakia watu wazima wanne ukapita kwenye barabara ya kifusi, utasikia jiwe likikwaruza chini katika hii kama ulivyolisikia katika ile.

Ndani ndimo ladha za watu zinapotofautiana khasa. Gari ya zamani ina mita ya mwendo katikati ya dashibodi, na si mbele ya dereva. Wako walioichukia kwa sababu hiyo tu. Mimi niliizoea kwa wiki moja na nikaipenda, kwa kuwa jicho halishuki chini kuisoma, bali huhama kidogo pembeni na kurudi barabarani. Na tena abiria wote huuona mwendo wako, jambo ambalo lilimpa mama yangu amani kubwa. Katika toleo la tatu mita imerejeshwa nyuma ya usukani, pahala ilipo katika gari nyingi, na atokaye kwenye gari nyengine hatahitaji kuzoea chochote. Nilichokosa ni vile vishikio vya chupa vya gari ya zamani vinavyovutwa kutoka chini ya matundu ya hewa, ambavyo wakati wa joto la kaskazi huyafanya maji yabaki baridi kwa upepo wa kiyoyozi mpaka nifike skuli.

Plastiki za ndani za toleo la tatu la mwanzo, yaani za 2011 hadi mwanzo wa 2014, ni ngumu na kavu, na mngurumo wa injini na wa matairi huingia ndani zaidi kuliko nilivyotarajia kwa gari iliyoitwa mpya. Malalamiko hayo yalikuwapo hata Japani kwenyewe. Aprili 2014 Toyota waliifanyia marekebisho makubwa: uso ulibadilishwa, mwili ukaongezewa sehemu za kuchomelea ili ukaze zaidi, shokapu zikapangwa upya, na ndani pakapambwa kwa vitu vilivyo bora. Mimi ninayo ya baada ya marekebisho hayo, na nimewahi kukaa wiki mbili na ya 2011 ya mwenzangu. Kwa maoni yangu ya 2014 ni gari nyengine kabisa barabarani, na anayezungumzia Vitz mpya bila ya kutaja kama ni ya kabla au ya baada ya mwaka huo, hajasema lolote la kumsaidia mnunuzi.

Jambo moja dogo ambalo huwashangaza watu ni waipa. Ile ya zamani ina mbili, hii ina moja ndefu inayofagia kioo chote. Inafanya kazi yake vizuri, lakini mpira wake ukichanika katikati ya masika hakuna wa pili wa kukuokoa, na urefu wake si wa kawaida, kwa hiyo usisubiri mvua ndipo uutafute dukani.

Injini, ndiko kwenye uamuzi

Gari yangu ya kwanza niliinunua kwa muuzaji mmoja wa hapa Unguja aliyenihakikishia kwa mdomo wake kuwa ni ya lita 1.3. Sikuwa na elimu ya gari, na wala sikuuliza zaidi. Baada ya miezi miwili nikaipeleka kwa fundi kubadilisha plagi. Akafungua boneti, akatoa kifuniko cha plastiki, akakaa kimya kidogo, kisha akaniita: "Mwalimu, njoo uhesabu mwenyewe." Akagusa koili za plagi kwa ncha ya bisibisi: moja, mbili, tatu. Ya nne haikuwapo. Gari ilikuwa ya lita 1.0 yenye pistoni tatu, na mimi nilikuwa nimelipa bei ya 1.3.

Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu anunue kabla ya kusoma kibati cha gari yenyewe. Alama za mwanzo za namba ya chesisi husema kila kitu. Kwa toleo la pili, KSP90 ni lita 1.0, SCP90 ni lita 1.3, na NCP91 ni lita 1.5. Kwa toleo la tatu, KSP130 ni lita 1.0, NSP130 ni lita 1.3, NCP131 ni lita 1.5, na NHP130 ni haibridi. Alama hizo zimo pia katika hati za gari kutoka Japani, na muuzaji hawezi kuzibishia.

Injini ya lita 1.0 inayoitwa 1KR-FE ni ile ile katika matoleo yote mawili, iliyobuniwa na Daihatsu, kampuni ya jamaa ya Toyota. Ni nyepesi, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, spea zake zinapatikana kwa urahisi kwa sababu Passo, gari nyengine ndogo ya Toyota, nayo inaitumia, na mafundi wetu wanaijua. Ukiwa peke yako au na mtu mmoja, kutoka Bububu mpaka Michenzani, inakutosha kabisa. Ila ina nguvu za farasi 69 tu katika Vitz ya toleo la tatu, gari yenyewe ikiwa na uzito wa karibu tani moja, na pistoni tatu hazilingani kama nne. Ukisimama kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, usukani hutetemeka mkononi na vioo vya pembeni hucheza. Hapa ndipo umbo jipya linapomdanganya mnunuzi, kwani nje anaona gari kubwa na ya kisasa, kumbe ndani amepata injini ile ile ya gari ndogo ya zamani ikibeba mwili ulioongezeka.

Injini za lita 1.3 si sawa katika matoleo haya. Ile ya SCP90, iitwayo 2SZ-FE, ina pistoni nne na nguvu za farasi 87. Ya toleo la tatu ni 1NR-FE yenye nguvu 95, na kuanzia Aprili 2014 ikaja 1NR-FKE yenye nguvu 99, ambayo imeundwa kubana mafuta zaidi. Zote hizo ni za cheni. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kuundwa upya kwa Vitz kulikuwa na faida ya kweli, linganisha 1.3 na 1.3, na hapo utaona maendeleo: gari mpya inaondoka kwa wepesi, haiungurumi sana, na ukiwa kwenye mwendo wa barabara ya Paje au Nungwi ina utulivu ambao ile ya zamani haikuwa nao. Ukilinganisha 1.0 na 1.0, utaona umeongezewa chuma na plastiki tu.

Kwa upande wa Pemba sina shaka hata kidogo. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, na udhaifu wa injini ndogo hujificha. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na huko haujifichi. Mwaka mmoja wakati wa likizo niliivusha gari yangu ya zamani kwa meli, tukashuka Mkoani tukiwa wanne na mizigo, na ule mlima wa kutoka bandarini niliupanda huku mguu umekandamiza hadi chini, injini inalia, nimezima kiyoyozi ili ipate nguvu, na daladala iliyojaa abiria ikinipita kwa upande wa kulia. Tulifika salama, na gari haikuharibika, lakini dada yangu anayetoka Wete kwenda Chake Chake mara tatu kwa wiki na watoto wake hawezi kuishi hivyo. Kwake yeye 1.0, ya zamani au mpya, nimeiondoa kwenye hesabu.

Mafuta

Watu wengi hununua gari mpya kwa kutegemea namba za Japani. Kwa kipimo chao cha JC08, Vitz ya 1.3 ya 2014 imeandikiwa kilomita 25 kwa lita, ya 1.0 ya mwaka huo kilomita 24, na ya haibridi ya 2017 kilomita 34.4. Namba za toleo la pili zilipimwa kwa utaratibu wa zamani zaidi uliokuwa na upole mwingi, na kwa hiyo si haki kuziweka sambamba. Tena namba zote hizo hupatikana katika chumba cha majaribio, bila ya foleni ya Mwanakwerekwe saa moja na nusu za asubuhi.

Nimepima mwenyewe kwa njia nyepesi, kwa kujaza tangi mpaka pampu ikatike, kuirejesha mita ya safari kwenye sifuri, na kujaza tena baada ya wiki mbili kwenye kituo kile kile. Gari yangu ya zamani ya 1.0, kiyoyozi kikiwaka, ilinipa kilomita kama 15 kwa lita. Hii ya 1.3 ya 2014 inanipa 17 kwa njia hiyo hiyo. Yaani injini kubwa ndiyo inayokula mafuta machache, kwa sababu haikamuliwi. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ya lita nane tu kwa kila kilomita 1,000, na kila mmoja anaweza kuizidisha kwa bei ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Zanzibar, ili aone kuwa mafuta peke yake hayatalipa haraka ile nyongeza ya bei ya kununulia. Anayeihama gari nzima ya zamani kwa kutafuta nafuu ya petroli tu, ningemwambia asubiri.

Baadhi ya gari za toleo la tatu huzima injini zenyewe kila zinaposimama, na kuwaka tena ukiachia breki. Kwa Tokyo yenye taa nyingi za barabarani ni jambo la maana. Kwa foleni ya Darajani, ambayo ni ya kusogea hatua moja na kusimama hatua mbili, injini inazima na kuwaka kila mara, na kiyoyozi huanza kutoa hewa vuguvugu katikati ya mchana wa Februari. Mimi huufunga utaratibu huo kwa swichi yake kila ninapoondoka. Gari hizo huhitaji betri maalumu iliyo ghali kuliko ya kawaida, na ukiweka betri ya kawaida itakufa mapema. Mnunuzi aliulize hilo na aione betri kwa macho.

Giabokisi ya zote mbili kwa kawaida ni ya CVT, yaani ya mkanda wa chuma usio na gia za kuhesabika, na hutaka oili yake maalumu, tena inayotofautiana baina ya toleo na toleo. Nimeona CVT nzuri zikiuawa kwa kutiwa oili ya giabokisi ya kawaida. Wakati wa kujaribu gari, ondoka polepole kutoka kwenye kusimama, kisha rudi nyuma kwenye mwinuko mdogo. Ikitetemeka au ikichelewa kushika, iache hapo hapo, hata ikiwa bodi inang'aa.

Kutu na usalama

Tunaishi ndani ya upepo wa bahari, na gari zetu huliwa kutokea chini. Lakini kutu nyengine hutoka nayo gari huko huko Japani, kwani Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Honshu humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Gari zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne nyingi hutokea huko, na kwa hiyo Vitz ya aina hiyo, ambayo kwa Pemba ingeonekana kuwa chaguo la busara kwa ajili ya njia za udongo, ni lazima ichunguzwe mara mbili.

Shemeji yangu aliwahi kutaka kununua ya zamani, ya 2006, mjini Chake Chake. Rangi yake nyekundu ilikuwa safi, viti havikuchanika. Fundi tuliyekwenda naye alitandika boksi chini, akalala chali, akaingia chini ya mlango wa dereva na kuanza kugonga kwa kishikio cha bisibisi. Sauti ilikuwa ngumu, ngumu, kisha ghafla ikawa butu kama anagonga karatasi. Akabonyeza kwa ncha, na bisibisi ikazama hadi nusu; chenga za rangi ya kahawia zikamwangukia kifuani. Muuzaji akasema ni doa tu. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hapa toleo jipya lina faida isiyopingika, si kwa sababu chuma chake ni bora, bali kwa sababu Vitz changa kabisa ya toleo la pili ilitoka kiwandani 2010, na miaka yote hiyo imeishi na hewa ya chumvi, ya huku au ya huko.

Kuhusu usalama, dada zake hizi gari zinazouzwa Ulaya kwa jina la Yaris zilipata nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa gari kwa kuzigongesha, ya zamani mwaka 2005 na ya mpya mwaka 2011. Nyota hizo zisichukuliwe moja kwa moja kwa gari za Japani, kwa kuwa nyingi kati ya Vitz za bei ya chini zilitoka na mifuko ya hewa miwili tu ya mbele. Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa toleo la pili alijue ni la mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata. Toyota iliziita gari nyingi duniani ili zibadilishwe mifuko hiyo, na Vitz za toleo la pili zilikuwamo, kwa sababu kifaa kinachojaza mfuko huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na hatari hiyo huzidi kadiri kifaa kinavyokaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa yetu ya mwaka mzima. Namba ya chesisi inaweza kuingizwa bila ya malipo katika tovuti ya Toyota ya Japani, ikakuonyesha kama kazi hiyo imefanywa. Kazi hii huchukua dakika chache, na sielewi kwa nini wauzaji wetu hawaifanyi kwa niaba ya wateja wao.

Haibridi, na wengine wanaotajwa

Haibridi ya 2017 inavutia, na kwa mtu anayezunguka mjini siku nzima hesabu yake inaweza kukubali. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kwenye kiti hicho hicho. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na mikoba na nguo za abiria, betri hupata joto. Tena wakati wa masika maji yanapojaa barabarani, ningeogopa kuipitisha gari ya aina hiyo pahala ambapo hata hii yangu huigeuza nikarudi. Mafundi wanaoijua haibridi vizuri wanapatikana mjini Unguja. Kwa Wete ningependa kwanza nimwone huyo fundi.

Honda Fit hutajwa kila mara katika mazungumzo haya, na ni gari yenye nafasi kuliko Vitz zote mbili, kwa kuwa tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele na vile vya nyuma hukunjuka kuelekea juu. Kwa familia ni gari nzuri sana. Haibridi yake ya 2013 na 2014 iliitwa kiwandani mara kadhaa kwa matatizo ya giabokisi, kwa hiyo hiyo iepukwe, na spea za Toyota bado ni rahisi kuzipata huku kwetu kuliko za Honda. Passo ni kwa anayetaka injini ya 1.0 kwa bei ya chini zaidi. Yaris ya 2020, iliyochukua nafasi ya Vitz, bado iko juu ya mfuko wa mwalimu.

Nani achukue ipi

Kwa anayekwenda kazini peke yake ndani ya mji na mwenye fedha kidogo, Vitz ya zamani ya 1.0 ambayo chini yake ni nzima ni bora mara nyingi kuliko mpya ya 1.0, kwani injini ni ile ile na fedha iliyobaki itanunua matairi na kulipa bima. Mwenye mzee wa kumpandisha na kumshusha naye aiangalie ya zamani kwa heshima, ila atafute SCP90, na asikubali kabla ya kuhakikisha suala la Takata. Kwa anayetoka shamba kila siku, awe Tunguu, Mahonda au Makunduchi, au anayeishi popote Pemba, chaguo langu ni NSP130 ya Aprili 2014 na kuendelea. Ya 2011 hadi 2013 ningeichukua pale tu bei yake ikiwa imeshuka vya kutosha, kwa sababu ina sura ya gari mpya na kelele za gari ya zamani.

Kabla ya kutuma fedha yoyote, mwombe wakala wa forodha akupe hesabu yote ya kodi kwa maandishi, kwani kodi hiyo hutazama thamani, ukubwa wa injini na mwaka wa kutengenezwa, na tofauti ya mwaka mmoja inaweza kuibadilisha bajeti yote. Omba pia karatasi ya mnada ya Japani na uone kama kilomita zilizoandikwa zinakubaliana na zile za kwenye mita, na kama ukanyagio wa breki umelika kuliko inavyopasa kwa kilomita hizo.

Dada yangu ameniletea namba za chesisi za gari tatu. Moja ni KSP130, nimeikataa kwa ajili ya vilima vya Wete. Ya pili ni SCP90 ya 2009, na kwenye tovuti imeonekana mfuko wake wa hewa haujabadilishwa, nayo tumeiacha. Ya tatu ni NSP130 ya Juni 2014, ya rangi ya fedha, inatoka Nagoya ambako theluji ni chache. Tumemwomba muuzaji picha za chini ya milango yote miwili ya mbele, zilizopigwa kwa mwanga wa mchana, na tunazisubiri kabla ya kulipa.